Safari ya Kula Malinya: Mwenyeji Kwanza, Tarehe Baadaye

Msafiri anayependa kula huanza na kalenda. Atakuambia kwamba huko Phuket, Thailand, mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina unapoandama, watu huacha nyama kwa siku 9 na barabara hujaa wauza vyakula vya mboga. Atakuambia kwamba Kerala, kusini mwa India, sikukuu ya Onam huangukia Agosti au Septemba na kila mtu hupakuliwa wali na mboga za namna kwa namna juu ya jani la mgomba. Wakorea nao hukusanyika baridi ikikaribia kutia kabichi chumvi na pilipili, wakijiwekea kimchi ya kuwavusha kipupwe, na UNESCO iliitia desturi hiyo katika orodha yake ya urithi mwaka 2013. Akishapata tarehe, anakata tiketi.

Ukija na mtindo huo Malinya, utafika siku isiyo na lolote. Utakuta mvua ya alasiri, watoto wakitoka shule na mama mmoja akiuza ndizi kando ya njia.

Malinya iko katika nchi ya Waidakho, mojawapo ya jamii za Waluhya, eneo bunge la Ikolomani, kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Tamasha la chakula lenye bango, jukwaa na tiketi usilitafute hapa. Ila watu hula, tena hula kwa shangwe, na wana majira yao ya kula. Majira hayo yanafuata mvua, mavuno, na mambo yanayowakusanya watu: harusi, kumbukumbu ya marehemu, jando, Krismasi, na zaidi ya yote mapigano ya mafahali. Kwa hiyo anayetaka kupanga safari ya kula huku hana budi kuugeuza utaratibu aliouzoea. Atafute mwenyeji kwanza, achague majira, tarehe ije mwisho.

Mwenyeji

Unaweza kuingia hoteli yoyote nzuri ya Kakamega mjini ukaagiza ingokho, ukaletewa kuku wa kienyeji, ugali na mboga, ukashiba na ukashukuru. Sisemi ni vibaya. Lakini kuku wa hoteli amepikwa tangu asubuhi kwa ajili ya yeyote atakayeingia. Kuku wa nyumbani anachaguliwa kwa ajili yako, anakimbizwa na watoto kwa ajili yako, na anakaa jikoni saa mbili kwa ajili yako. Tofauti utaionja kwenye mchuzi.

Kumpata mwenyeji si kazi ngumu. Sensa ya 2019 iliihesabu Kakamega kuwa na zaidi ya watu milioni 1.8, na hao ni waliokuwa nyumbani. Wengine wametapakaa: mwalimu wa mtoto wako, askari wa getini, mwenzako ofisini, yule mwimba besi wa kwaya yenu. Ukimpata, usimwambie kwamba unataka kuonja vyakula vya kwao. Atakupeleka hotelini, na hatakuwa na kosa. Mwambie unataka kwenda kuwasalimu wazazi wake. Maneno hayo yanafungua mlango mwingine kabisa, kwa sababu mgeni aliyekuja kusalimu hawezi kuondoka bila kula, na mama wa nyumba atajiona ameaibika asipokuchinjia.

Mpe nafasi. Mwezi mmoja kabla ya safari si mapema mno. Mkumbushe wiki moja kabla, kisha tena siku moja kabla, maana mambo ya kijijini hubadilika ghafla: akifariki mtu wa ukoo, mipango yote hupisha, na wewe utapisha pia. Likitokea hilo, usinung'unike. Aghalabu utaambiwa uje tu, na utaingia katika shughuli kubwa kuliko ile uliyoipangia. Jambo moja nalisisitiza: usiende kwenye matanga ya watu usiowajua kwa sababu umesikia kuna chakula kingi. Ukialikwa na mwenyeji wako, nenda, vaa kwa heshima, toa rambirambi kama wengine na uiache simu mfukoni.

Usiende mikono mitupu, na usipeleke zawadi za maringo. Sukari, majani ya chai, mkate, mafuta ya kupikia, sabuni za miche, na kilo mbili tatu za nyama ukipitia buchani: hivyo ndivyo vitu vinavyofurahiwa. Usiulize bei ya kuku. Ukitaka kuchangia fedha, mpe mama pembeni wakati wa kuaga, au mtumie yule aliyekualika kwa M-Pesa naye ajue la kufanya. Bahasha inayowekwa mezani mbele ya watu hugeuza mwaliko kuwa biashara.

Kuita watu, mwanamke mwenye watoto huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama fulani. Bibi mwenye umri ni kukhu. Mwanamume mtu mzima ni mzee, hata kama anakuzidi miaka michache tu. Salamu yao ni mulembe. Ukiitamka vizuri kwa kukhu, huenda ukaongezewa kipande.

Ikiwa wewe ni Mwislamu, liseme jambo la kuchinja siku ile ile unayoalikwa, usisubiri kufika. Kuna Waislamu Kakamega mjini na wengi zaidi Mumias, na nyumba nyingi hazioni tabu mgeni akichinja mwenyewe. Kama huli nyama kabisa, sema pia mapema, na ujiandae kwa maswali ya huruma: umeugua lini, daktari gani alikukataza. Baada ya maswali utaletewa mboga ambazo wala nyama hawajui wanachokosa.

Majira

Kakamega hunyeshewa sana, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua yake ina tabia ya kungoja hadi alasiri. Mvua kubwa huanza Machi na kuendelea hadi Mei au Juni. Nyingine huja kuanzia Septemba hadi Novemba. Desemba mwishoni, Januari na Februari ndiyo miezi mikavu. Kila kipindi kina chakula chake, na hapa ndipo msafiri anapochagua.

Ukija Machi au Aprili, unakuja kwa tsiswa, yaani kumbikumbi. Mahindi ndiyo kwanza yanapandwa wakati huo, ghala zimepungua, na mboga mpya hazijakomaa. Kwa miguu na mikono ni msimu wa kazi. Kwa mdomo ni msimu wa wadudu hawa wenye mabawa. Kumbikumbi hawapangiwi siku. Mvua inanyesha, jua linatoka, ardhi inafuka mvuke, na wenye vichuguu wanaanza kutazamana. Kila kichuguu kina mwenyewe. Usikisogelee cha watu.

Ukibahatika kuona wanavyotegwa, simama uangalie kwa makini. Mwenye kichuguu anainamisha fito juu yake kama anayejenga kibanda cha kuku, anafunika kwa blanketi kuukuu au majani ya mgomba, na kuacha upenyo mmoja mdogo unaoelekea kwenye shimo au debe. Kisha wanakaa watoto wawili na vijiti, wanagonga ubao au kipande cha bati kwa mdundo mwepesi usiokatika, mithili ya matone ya mvua. Wanaogonga ovyo hufukuzwa na kubadilishwa. Baada ya muda kumbikumbi wanaanza kutoka, mmoja, watano, kisha kama maji yanayochemka, wanaukimbilia mwanga wa ule upenyo na kuporomokea shimoni. Mtoto wa kwanza kuwafikia anawala hapo hapo, wabichi, mabawa na yote.

Nyumbani hukaangwa kwenye sufuria kavu. Usitie mafuta; wana yao ya kutosha, na utayasikia yakitoa sauti. Chumvi kidogo, kisha huanikwa juani wakauke, na mabawa hupepetwa kwa ungo. Ladha yake iko kati ya karanga na siagi. Waliowazoea huwala kwa ugali. Anayeanza awachukue kama bisi, kiganja kimoja kimoja, na asizidishe, kwa sababu mafuta yale humvuruga tumbo asiyeyazoea. Msimu ukishika utawakuta sokoni wakipimwa kwa kikombe au kwa gorogoro. Chagua wakavu, wanaong'aa, wasio na harufu ya unyevu. (Wasomaji wa pwani wanaouliza kama ni halali, waulizeni masheikh wenu, mimi mwandishi tu.)

Mei na Juni ni za mboga, na kama ningelazimishwa kuchagua miezi miwili tu ya kumleta mtu mwenye ulimi, ningechagua hii, ingawa wengi hawaipendi kwa sababu ya matope. Wakati huo mashamba yako kijani na mboga za kienyeji ni laini: kunde, managu, saga, mitoo, majani ya maboga ambayo huku huitwa lisebebe, na mrenda. Mapishi yake si ya haraka. Mama anachuma asubuhi, anachambua akizungumza, anachemsha kwa maji yenye musherekha, ambayo ni magadi ya kienyeji yanayopatikana kwa kuchuja maji kupitia jivu la mabua ya maharage au maganda ya ndizi. Musherekha hulainisha nyuzi na kupunguza ukali. Saga na mitoo, ambazo ni chungu, huongezwa maziwa na kuachwa zilale. Siku ya pili ndiyo zinakuwa zenyewe. Mrenda unavutika, na asiyeuzoea hushtuka kuona mkono wake umefungwa na uzi wa kijani hadi bakulini. Kata uzi kwa kidole, au uchanganyiwe na kunde, na uendelee.

Julai mahindi mabichi yanaanza kuchomwa na kuchemshwa, Agosti na Septemba yanavunwa. Hapo tafuta mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharage, chakula cha asubuhi cha watu wenye kazi ngumu. Huliwa na chai, na ukishakula huhitaji kingine hadi jioni. Sijui kwa nini hoteli haziuuzi kwa wingi. Nadhani zinauona ni chakula cha watoto wa shule.

Desemba ni ya kuku. Wana wa Kakamega wanarudi kutoka Nairobi, Mombasa, Nakuru na ng'ambo, kila boma lina gari au lina habari ya gari, na majogoo hupungua kila siku. Ni msimu wa shangwe kuliko yote, na wa gharama kuliko yote. Nauli ya basi hupanda, wakati mwingine mara mbili, nafasi zinajaa wiki kadhaa kabla, na mwenyeji wako atakuwa na wageni wengine ishirini. Utakula vizuri lakini hutaongea na mpishi. Anayetaka kujifunza mapishi asije Desemba.

Mafahali

Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Huku huwapa uwanja. Mapigano ya mafahali ni ya Waidakho na jirani zao Waisukha, na uwanja wa Malinya ni mojawapo ya mahali yanapojulikana. Mwanasiasa Boni Khalwale, aliyekuwa mbunge wa Ikolomani na baadaye seneta wa Kakamega, ni mfugaji anayefahamika wa mafahali wa namna hii. Usilichanganye jambo hili na lile la Hispania. Hakuna mtu mwenye upanga wala kitambaa. Ni fahali kwa fahali, pembe kwa pembe, na anayegeuza mgongo akakimbia ameshindwa. Yanaweza kwisha kwa dakika chache, yanaweza kuvuta nusu saa.

Kwa mpanga safari, hii ndiyo nguzo ya kutundikia mambo mengine, kwa sababu ndiyo sherehe iliyo karibu zaidi na kuwa na siku. Siku yake ya mazoea ni Jumamosi asubuhi, na msimu wa Krismasi na mwaka mpya huwa na mapigano makubwa. Hata hivyo si kila Jumamosi, wala si kila mara Malinya. Yanaweza kuwa Khayega au Shinyalu, au nyumbani kwa mzee mashuhuri aliyefariki, kwa kuwa kumpigania mzee mafahali ni sehemu ya kumuaga. Habari hupita kwa mdomo, kwa simu na kwa redio za Kiluhya kama Mulembe FM. Muulize mwenyeji wako Alhamisi. Ukiuliza mapema kuliko hapo utajibiwa kwa matumaini tu.

Amka usiku. Fahali husindikizwa kutoka kwao alfajiri, watu wakikimbia mbele na nyuma yake, firimbi, pembe ya swala na ngoma za isukuti zikilia. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ukingoja hadi saa tatu ndipo uondoke hotelini, utakutana na watu wakirudi.

Kula kwa uwanjani ni kwa mkono na kwa kusimama. Kuna chai ya maziwa kwenye birika kubwa na mandazi, mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kutiwa kachumbari, mahindi ya kuchoma msimu ukiwa umefika, njugu kwenye vikaratasi, na miwa inayomenywa kwa panga mbele yako. Kula kabla mafahali hawajaingia. Wakishaingia, wauzaji hufungasha, na wana sababu: hakuna ua. Umati ndio ukuta, na ukuta huo una miguu. Fahali aliyeshindwa hukimbilia popote penye upenyo. Simama mahali palipoinuka, uwe na mti au gari kati yako na uwanja, usimbebe mtoto mabegani, na uangalie watu wanapotazama, si simu yako. Watu wameumia na wengine wamekufa katika michezo hii. Si jambo la kumtisha mtu asije. Ni la kumfanya asimame nyuma.

Baadaye, wenye fahali aliyeshinda huenda nyumbani wakiimba, na hapo ndipo kwenye chakula chenyewe. Ukialikwa, utakuta sufuria za nyama, ugali wa kukata kwa kamba, na huenda busaa. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa, kisha ukachanganywa na kimea cha wimbi. Ni nzito, chachu, ya vuguvugu, na wazee huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Kikombe kimoja kinatosha kusema umekunywa. Chang'aa usiiguse kabisa, hata anayekupa akiwa mtu mzuri kiasi gani: huwezi kujua imetiwa nini, na Kenya imezika wengi kwa pombe iliyochanganywa na kemikali.

Mezani

Siku ya kuku ni siku ya kukaa. Utakaribishwa sebuleni, utaletewa chai, utaachwa na mzee, na kutoka jikoni utasikia harufu tu kwa muda mrefu. Usiulize kama kuku yuko tayari. Kuku wa kienyeji aliyekimbia maisha yake yote anahitaji moto wa pole na muda. Anachemshwa hadi mafuta yake mwenyewe yaje juu, ndipo vitunguu na nyanya viingie. Ukiwa na ujirani mwema na wapishi, omba kukaa jikoni. Wanaume huchekwa kidogo kwa ombi hilo, lakini huruhusiwa.

Maji ya kunawa yatapitishwa, kuanzia kwa mkubwa. Kutakuwa na sala. Kisha ugali, mara nyingi wa mahindi yaliyochanganywa na mtama au wimbi, mweusi kidogo na mzito. Halafu kuku, na hapa kuna utaratibu ambao hakuna atakayekueleza. Firigisi, wanayoiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Ikiwekwa mbele yako, umepewa heshima kubwa. Ikiwa mbele ya mzee, usiitazame. Mapaja huwa ya wageni, miguu na kichwa huwaendea watoto. Zamani wanawake hawakula kuku, walimpika tu. Sasa wanakula, lakini mgeni wa kike anaweza kuona kukhu wa zamani akiikwepa sahani ile. Asimlazimishe.

Kula kwa mkono wa kulia. Ukimaliza ugali utaongezewa, ukimaliza tena utaongezewa tena. Mwenye kushiba huacha kidogo sahanini na kusifu mapishi. Kuomba kuongezewa kuku hakufai. Kuomba kuongezewa mboga kunafaa, tena kunamfurahisha aliyepika, kwa kuwa kuku husifiwa na kila mtu lakini mboga husifiwa na anayejua.

Njia na malazi

Toka Nairobi, basi la usiku hukufikisha Kakamega alfajiri. Mwenye haraka apande ndege hadi Kisumu, kisha matatu kwa barabara ya Chavakali; ni kama kilomita 50 hadi Kakamega. Kabla ya mji utapita Sigalagala na Khayega. Malinya iko ndani, upande wa magharibi wa barabara hiyo kuu, na bodaboda ndiyo itakayokumalizia safari. Patana bei kabla ya kupanda, na ukipata dereva mwenye adabu, chukua namba yake akutumikie siku zote.

Lala Kakamega mjini kama unataka maji ya moto na umeme usiokatika sana. Golf Hotel ni ya siku nyingi, na kuna za bei nafuu. Wenye nafasi hulala Rondo, ndani ya Msitu wa Kakamega, ila toka huko hadi Malinya alfajiri ni mbali. Mwenyeji akikupa kitanda, kikubali. Beba koti la mvua, viatu visivyoogopa matope, tochi, na dawa ya tumbo.

Siku tatu zinatosha kwa mara ya kwanza. Fika Ijumaa, Jumamosi uwe uwanjani, Jumapili ule nyumbani baada ya kanisa. Mwenye siku ya nne aende Isecheno akatembee msituni, au apande juu kidogo hadi Lubao kwenye soko la mbwa. (Mbwa wa kulinda nyumba. Nalisema kwa sababu tumezungumza chakula muda mrefu.)

Kama unapenda kuunganisha

Mumias iko karibu, na ni mahali pa kula pasipofanana na Malinya. Ilikuwa makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga na kituo cha misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu katika karne ya 19, na Uislamu ulibaki. Siku ya Idd utakuta pilau na mahamri katikati ya nchi ya ugali. Tarehe ya Idd hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo usikariri ya mwaka jana. Idd ikiangukia Machi au Aprili, unaweza kula pilau leo na kumbikumbi kesho.

Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, kama 2026 na 2028, Wabukusu wa Bungoma hutahiri vijana wao. Nyumba hujaa wageni, nyama na busaa, na mwali huzunguka kwa ndugu akialika kwa njuga. Hiyo ni ibada, si maonyesho. Nenda kama umealikwa na jamaa wa kijana. Picha upige ukiruhusiwa, na wakati wa kukatwa usipige kabisa.

Na samaki wa Kisumu wale siku ya kurudi, ufukweni Dunga, ukiwa na saa mbili kabla ya ndege.

Ukiondoka kwa gari, simama Ilesi, pale kando ya barabara panapouzwa vyungu, karibu na mwamba uitwao Jiwe Linalolia. Chagua chungu kwa kukigonga kwa kifundo cha kidole. Chenye ufa hutoa sauti ya kukwama, kizima hulia wazi. Muulize muuzaji kama ni cha kupikia au cha maua, maana vinafanana. Kikifika nyumbani, kijaze maji, kiache usiku kucha, kisha chemsha ndani yake uji mwepesi mara moja au mbili kabla ya kupikia mboga, la sivyo kitavuja. Ndani ya basi kipakate. Ukikitia buti, ukifika Nakuru kitakuwa vigae.

Tiketi ya kurudi kata siku ile ile ya kwenda, hasa Januari mwanzoni, wakati shule zinafunguliwa na kila mtu aliyekula kuku anataka kurudi Nairobi usiku mmoja.